Mshtuko wa Uhamisho: Mwanafunzi Anapotoka Chuo cha Jamii Kuingia Chuo Kikuu

Chukulia mfano wa muuguzi mwenye umri wa miaka thelathini na moja anayefika kliniki mwezi Oktoba katika mji mmoja wa Marekani. Analalamika kuumwa kichwa, kukosa usingizi, tumbo kuvurugika na moyo kwenda mbio kila anapofungua kompyuta. Shinikizo lake la damu ni la kawaida. Wingi wa damu unatosha, na vipimo vingine havionyeshi kasoro. Anapewa dawa ya maumivu, anashauriwa apumzike, anarudi nyumbani. Hakuna aliyemuuliza kwamba mwezi Agosti alihama kutoka chuo cha jamii kwenda chuo kikuu, wala kwamba wiki mbili zilizopita alipata alama ambazo hajawahi kuzipata tangu aanze kusoma uuguzi.

Makala haya yanaeleza kinachompata mwanafunzi wa namna hiyo, kwa nini alama zake hushuka, na kile ambacho mhudumu wa afya na familia wanaweza kufanya kabla kushuka huko hakujageuka ugonjwa au sababu ya kuacha masomo. Mfumo unaozungumziwa ni wa Marekani, kwa kuwa ndiko ulikochunguzwa kwa miaka mingi zaidi. Wasemaji wa Kiswahili si wageni ndani yake. Miongoni mwa Wakongo waliopelekwa huko kama wakimbizi, na miongoni mwa Wakenya na Watanzania waliokwenda kutafuta kazi au elimu, si wachache walioingia elimu ya juu kwa mlango wa chuo cha jamii, na uuguzi ni mojawapo ya fani zinazowavuta. Kuelekea mwisho makala yanagusa pia watumishi wa afya wa Tanzania wanaotoka vyuo vya kati, kwa kuwa safari yao inafanana na hiyo kwa kiasi na kutofautiana nayo kwa kiasi.

Mlango wa miaka miwili

Chuo cha jamii ni chuo kinachotoa elimu ya miaka miwili baada ya sekondari. Ada yake ni nafuu, hupokea karibu kila anayeomba, na mara nyingi kipo jirani na makazi ya wanafunzi, hivyo anayefanya kazi mchana huweza kusoma jioni. Kilicho cha zamani zaidi kati ya vile vya umma ambavyo bado vinafundisha kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois. Mwaka 1947 tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo hivyo vienezwe nchi nzima. Mwaka 1960 jimbo la California likapitisha mpango mkuu wa elimu ya juu ambao ulitenga nafasi za vyuo vikuu kwa wahitimu wa sekondari waliofaulu vizuri zaidi, ukafungua vyuo vya jamii kwa wote, na kuacha njia ya kutoka huku kwenda kule baada ya miaka miwili.

Kwenye karatasi njia hiyo imenyooka. Katika maisha haijanyooka. Wengi wa wanaoanza chuo cha jamii husema lengo lao ni shahada, lakini takriban theluthi moja tu ndio wanaohama, na kati ya waliohama takriban nusu ndio wanaopata shahada ndani ya miaka sita tangu siku walipoanza. Wanaopotea kabla ya kuhama wana somo lao. Hapa anatazamwa yule aliyekwisha kuvuka mto, akapanda ukingo wa pili, na kugundua kwamba ardhi ya huko inateleza.

Kwa upande wa uuguzi, mlango huo una historia yake. Mildred Montag, katika tasnifu yake ya uzamivu iliyochapishwa mwaka 1951, alipendekeza muuguzi aweze kuandaliwa chuoni kwa miaka miwili badala ya kulelewa na hospitali kwa miaka mitatu. Majaribio yalianza mwaka 1952, na vyuo vya jamii vikawa kitovu kikubwa cha kuandaa wauguzi. Mhitimu wa miaka miwili na mwenye shahada hufanya mtihani uleule wa leseni na wote huitwa wauguzi waliosajiliwa. Hata hivyo mwaka 2003 Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za Pennsylvania. Waliona kwamba kila ongezeko la asilimia 10 la wauguzi wenye shahada liliambatana na upungufu wa asilimia 5 wa uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki ndani ya siku 30 tangu kulazwa. Uchunguzi wa aina hiyo huonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba moja ndilo lililozaa jingine. Pamoja na hayo ulikuwa na uzito. Mwaka 2010 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa wito kwamba ifikapo mwaka 2020 asilimia 80 ya wauguzi wawe na shahada, na mwaka 2017 jimbo la New York likatunga sheria inayowataka wauguzi wapya waliosajiliwa wapate shahada ndani ya miaka 10 tangu kupewa leseni.

Kwa hiyo muuguzi wa kliniki ya Oktoba hakuhama kwa kupenda safari. Amesukumwa na sheria, na ajira, na pengine na fahari ya haki aliyo nayo juu ya kazi yake. Akikata tamaa kabla ya Krismasi, hasara si yake peke yake.

Alama zinaposhuka

Mwaka 1965 mtafiti John Hills alikusanya tafiti za takriban miongo minne kuhusu wanafunzi waliohama kutoka vyuo vya miaka miwili. Alikuta jambo lililojirudia: katika muhula wa kwanza chuo kikuu, wastani wa alama ulishuka chini ya ule waliokuwa nao chuo cha awali, na kwa wengi ukapanda tena kadiri walivyoendelea kukaa. Aliliita jambo hilo mshtuko wa uhamisho, na jina likabaki. Watafiti waliofuata waliongeza kwamba mshtuko hauko sawa katika fani zote. Mwaka 1997 Brent Cejda alionyesha kwamba waliohamia masomo ya hisabati, sayansi na biashara walishuka, ilhali katika sanaa na sayansi za jamii baadhi walipanda.

Jambo la kuzingatia ni maana ambayo mwanafunzi huipa namba hiyo. Chukulia kwamba muuguzi huyu alikuwa na wastani wa 3.6 kati ya 4, na sasa ana 2.7. Anaisoma 2.7 kama hukumu: kwamba chuo cha kwanza kilimdekeza, kwamba sasa ukweli umetoka. Tafiti hazimwungi mkono. Namba hiyo kwa sehemu kubwa inapima gharama ya kuvuka, yaani muda na nguvu anazotumia kujifunza namna mahali papya panavyofanya kazi, nguvu ambazo wenzake walioanza mwaka wa kwanza walikwisha kuzilipa miaka miwili iliyopita pasipo mtu kuzihesabu. Si kila kushuka kuna sababu hiyo. Yuko anayeshuka kwa kuwa msingi wake wa takwimu au kemia ni dhaifu kweli, na huyo anahitaji mwalimu wa ziada kuliko maneno ya faraja. Kosa ni kumtibu mmoja kwa dawa ya mwingine.

Gharama hiyo ina sura nyingi, na nyingine ni za kiofisi tupu. Kila somo katika mfumo wa Marekani hubeba krediti, yaani kipimo cha uzito wake, na shahada ni jumla ya krediti. Anayehama hupeleka krediti zake mahali pengine, na mahali hapo ndipo panapoamua zipi zihesabiwe. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilikadiria katika taarifa ya mwaka 2017 kwamba waliohama kati ya mwaka 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Waliohama kutoka chuo cha umma hadi chuo cha umma walipoteza kidogo kuliko hapo, lakini si kidogo. Kwa mwenye watoto wawili na kodi ya nyumba, kuambiwa kwamba somo la saikolojia alilofaulu halitambuliki ni sawa na kuambiwa arudie zamu za usiku alizolipia ada ya somo lile.

Sura nyingine ni ya kielimu. Katika chuo cha miaka miwili alifundishwa kutenda, na alifundishwa vizuri: aliulizwa ataje hatua za kumkinga mgonjwa na vidonda vya kulala muda mrefu, akazitaja zote. Chuo kikuu anapewa ripoti ya utafiti kuhusu vidonda hivyohivyo na kuulizwa iwapo wagonjwa waliochunguzwa walitosha, kundi la kulinganisha lilichaguliwaje, na matokeo yanafaa wodi yake au hayafai. Anaijua wodi kuliko aliyeandika ripoti. Anachokosa ni lugha ya kuihoji ripoti, na lugha hiyo hajawahi kufundishwa. Kazi yake ya kwanza ya kuandika hurudi ikiwa na wino mwekundu hasa mahali alipoeleza mambo ya kweli bila kuonyesha yalikotoka.

Halafu kuna upweke wa namna yake. Yeye ni mgeni aliyefika mwaka wa tatu. Wenzake wana vikundi vya kujisomea vilivyoundwa tangu mwaka wa kwanza, wanajua mhadhiri yupi hutunga mtihani mgumu na ofisi ipi hujibu barua. Wiki ya kuwakaribisha wageni imepangwa kwa vijana wa miaka kumi na minane watakaolala bwenini. Yeye, kipindi kikiisha, hukimbilia basi. Vincent Tinto, aliyeandika tangu mwaka 1975 kuhusu sababu za wanafunzi kuondoka vyuoni, alisisitiza kwamba kubaki hutegemea kufungamana na chuo kimasomo na kijamii. Mwanafunzi huyu hana muda wa kufungamana na chochote isipokuwa ratiba ya basi.

Ujuzi usioandikwa

Frankie Santos Laanan, mtafiti aliyejishughulisha sana na wanafunzi hawa, alitumia wazo la mtaji wa mwanafunzi anayehama: ujuzi unaolimbikizwa kabla ya kuvuka, kuhusu krediti, ushauri wa masomo, fedha za msaada, na namna ya kusoma na kuomba msaada. Mwenye mtaji huo huyumba kidogo. Asiye nao huulipia kwa alama.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna kipengele kimoja kinachostahili kuelezwa kwa upana. Kila mhadhiri wa Marekani hutangaza saa ambazo mlango wa ofisi yake uko wazi kwa wanafunzi. Kwa mwanafunzi aliyekulia huko, hiyo ni sehemu ya kawaida ya somo: huenda, huuliza, hubishana kidogo, huondoka akijulikana kwa jina. Aliyelelewa katika shule nyingi za Afrika Mashariki alijifunza kitu kingine kuhusu ofisi ya mwalimu. Mtu huitwa ofisini akiwa amekosa. Kwenda bila kuitwa ni kumsumbua mkubwa, na kumwambia mwalimu kwamba hukuelewa kunakaribia kumwambia kwamba hakufundisha vizuri. Adabu hiyo ni ya kweli, na nyumbani ina thamani yake. Lakini katika jengo lile hutafsirika vibaya: mhadhiri huona mwanafunzi mkimya, ambaye haji, na huhitimisha kwamba hana haja au hana hamu. Hakuna aliyekosea, na mwanafunzi ndiye anayeanguka. Ushauri unaofaa ni mdogo sana: aende mara moja katika wiki tatu za kwanza, kabla ya mtihani wowote, akiwa na swali moja lililoandikwa. Mara ya pili huwa nyepesi.

Utafiti mmoja unastahili kujulikana na kila anayewahudumia wanafunzi. Gregory Walton na Geoffrey Cohen walichapisha mwaka 2011 matokeo ya zoezi fupi la takriban saa moja. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya waliowatangulia, waliosema kwamba mwanzoni walijiona si wa mahali pale, na kwamba hisia hiyo ilipungua kadiri muda ulivyopita. Kisha waliandika kwa maneno yao jinsi jambo hilo linavyowahusu. Katika miaka mitatu iliyofuata, alama za wanafunzi weusi waliofanya zoezi hilo zilipanda kuliko za weusi wenzao wasiolifanya, nao wakaripoti afya bora na kumwona daktari mara chache zaidi. Washiriki hawakuwa wengi, na hawakuwa wanafunzi waliohama, hivyo matokeo yasivutwe kupita urefu wake. Kilicho wazi ni kwamba maana ambayo mtu huipa shida ya mwanzo inaweza kufika hadi mwilini.

Kliniki

Mhudumu anayempokea mgonjwa mtu mzima mwenye usingizi uliovurugika na malalamiko yasiyo na kasoro ya vipimo aulize maswali matatu ambayo hayagharimu kitu: unasoma wapi, ulianza lini hapo, na kabla ya hapo ulikuwa wapi. Majibu yakionyesha uhamisho wa karibuni, aulize pia saa za kazi. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa saba au zaidi. Mwanafunzi anayefanya zamu za usiku na kuhudhuria vipindi asubuhi huenda anapata nne, na hapo hakuna mbinu ya kusoma itakayofidia. Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu vihesabiwe kwa kikombe na kopo. Uhamisho usitumike kama kisingizio cha kutopima: upungufu wa damu, maradhi ya tezi la shingo na ujauzito wa mwanzo vyote huleta uchovu, na mwanafunzi huugua kama watu wengine.

Huzuni ipimwe, isikisiwe. Dodoso la maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, lijulikanalo kama PHQ-9, limetafsiriwa kwa Kiswahili na hutumika Afrika Mashariki. Swali la tisa huuliza kuhusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Jibu lolote isipokuwa "hapana kabisa" linahitaji mazungumzo siku hiyohiyo, bila kungoja miadi. Kwa aliye Marekani, namba 988 imekuwa ikipokea simu na ujumbe wa watu walio katika dhiki ya akili tangu Julai 2022. Msemaji wa Kiswahili huenda asitumie neno sonona wala huzuni. Atasema kichwa kimejaa, au moyo mzito, au anawaza sana. Maneno hayo yaandikwe kwenye faili kama alivyoyasema.

Familia ina nafasi yake, na si daima ya faraja. Ndugu walio Bukavu au Mombasa hupiga simu wakiuliza matokeo, kwa kuwa fedha za ada au matumaini ya ukoo viko humo. Mwanafunzi hujibu kwamba mambo ni mazuri, na kila jibu la namna hiyo humwongezea mzigo wa siri. Swali la "umekula nini leo, umelala saa ngapi" hupata majibu ya kweli mara nyingi kuliko swali la alama.

Wanaotoka vyuo vya kati

Nchini Tanzania, afisa tabibu au muuguzi mwenye stashahada anaweza kuomba shahada kwa sifa linganishi. Tofauti kubwa na Marekani ni kwamba haingii mwaka wa tatu. Anayekwenda kusomea udaktari wa binadamu kwa kawaida huanza mwaka wa kwanza, darasa moja na vijana waliotoka kidato cha sita. Huyu hapotezi krediti. Anapoteza cheo. Jana alikuwa mtu wa mwisho kuulizwa usiku kituoni, aliyeamua nani apewe rufaa na nani asubiri asubuhi. Leo anakariri njia za kikemia ndani ya seli karibu na kijana aliyezifanyia mtihani miezi michache iliyopita na bado anazikumbuka. Kushuka kwake mwaka wa kwanza kunaumiza zaidi kwa kuwa kunagusa heshima aliyokwisha kuipata. Darasa linapofika wodini mambo hugeuka, na kijana yule humfuata amwonyeshe namna ya kupata mshipa wa mtoto aliyepungukiwa maji. Kutoka mwaka wa kwanza hadi wodini ni mbali, na wahadhiri wanaowafahamu wanafunzi hawa kwa majina mapema, wakawapanga katika vikundi pamoja na vijana hao badala ya kuwaacha wakae pamoja nyuma ya darasa, hupunguza urefu wake kwa pande zote mbili. Mwajiri aliyetoa ruhusa ya masomo naye angefanya vema kuuliza habari za mtumishi wake katika muhula wa kwanza, si kungoja cheti.

Muuguzi wa Oktoba, akiulizwa maswali yale matatu, atasema yote kwa dakika kumi. Atapunguziwa zamu mbili za usiku kwa barua ya daktari, ikiwa mwajiri atakubali. Dodoso lake litaonyesha huzuni ya kiasi, bila mawazo ya kujidhuru. Atakwenda kwa mhadhiri wa takwimu siku ya Jumanne akiwa na swali moja kwenye karatasi. Mwezi Desemba wastani wake utafika 2.9, ambao bado hautampendeza. Miadi yake ya pili ipangwe wiki ya tatu ya Januari, muhula mpya ukiwa umekwisha kuanza, na dodoso lijazwe tena.